Tulikwenda Kuangalia Maji ya Karera

Kwa Mrundi, Karera si jina geni. Muulize mwalimu yeyote wa hapa Muyinga sehemu nzuri za nchi yake. Atakutajia ziwa Tanganyika, ngoma za Gishora, chemchemi ya Nile kule Rutovu, na kabla hajamaliza vidole vya mkono mmoja atakuwa amefika kwenye maporomoko ya Karera. Yako kusini-mashariki, upande wa Rutana, ambayo kwa mgawanyo mpya wa mikoa imeingia Burunga. Ni pale nyanda za juu za Burundi zinapokatika na kushuka kwenda kwenye tambarare ya Kumoso. Maji yanaanguka kwa matawi sita katika ngazi tatu, na tawi kubwa linashuka kama mita 80. Upande huo huo kuna korongo la Nyakazu, ambalo wengi wanaliita Ufa wa Wajerumani. Tangu mwaka 2007 sehemu hizo mbili zimo katika orodha ambayo Burundi ilipeleka UNESCO, ya vitu inavyotaka siku moja vitambuliwe kuwa urithi wa dunia.

Haya yote vijana wa kambi yetu waliyajua kwa kusikia tu, na kwa picha za kalenda. Kuyaona kwa macho ni jambo jingine. Mtu wa kambi hatoki hivi hivi. Anaomba karatasi ya ruhusa, na ndani yake inaandikwa anakwenda wapi, anakwenda kufanya nini, na atarudi siku gani. Ukisema hospitali, watu wanaelewa. Ukisema mtihani, wanaelewa. Ukisema msiba, wanakupa na pole juu. Lakini ukisema unakwenda kuangalia maji, kila mtu anakutazama mara mbili.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambi ya Kinama, Gasorwe. Nilifika nikiwa na miaka minane, kutoka upande wa Fizi. Nimesomea hapa, diploma yangu nimeipatia hapa, na mgao napanga mstari kama wewe. Kwa hiyo nikiandika "sisi", sijitoi. Vijana wananiita Yaya, kama wanavyomwita dada yao mkubwa nyumbani, na mara nyingine jina hilo ni zito kuliko kazi yenyewe.

Safari hii ilipangwa kwa ajili ya vakansi ya Agosti 2025. Tulikuwa na pesa kidogo ya shughuli za vijana, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumecheza mpira mpaka mpira wenyewe ukachoka. Vijana wakapiga kura. Wengine walitaka sinema, wengine mashindano ya kuimba. Karera ikashinda.

Tukaita wazazi tuwaeleze. Hapo ndipo mama mmoja, ambaye namheshimu sana kwa sababu hasemi jambo nyuma ya mtu, akasimama na kuniuliza mbele ya wote:

"Mwanangu, mimi naamka saa kumi ya usiku kupanga bido langu bombani. Mgao umepunguzwa, wewe mwenyewe unajua tunakula nini. Halafu ninyi mnatafuta petroli, na petroli haipatikani, mwende kuangalia maji ya watu yanavyoanguka bure?"

Watu walicheka, hata mimi nilicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Nilimweleza kwamba pesa ile ilikuja na kazi yake imeandikwa, haiwezi kugeuzwa unga. Akaniambia, "Hilo ni jibu la ofisi, mwanangu. Mimi nimekuuliza wewe." Nikanyamaza. Nimetembea na swali hilo kwenda na kurudi, na makala hii ni kama namjibu.

Karatasi zilitoka kwa watu 27: vijana 24 na sisi wakubwa watatu. Zilitoka kwa sharti moja, kwamba wanaotoka 27 warudi 27. Tuliambiwa wazi kuwa asiporudi mmoja, safari za namna hii zimekwisha. Petroli ilituchelewesha wiki mbili. Mwaka huo Burundi nzima ilikuwa inajua mstari wa mafuta, magari yanalala kwenye stesheni kama ng'ombe kwenye mnada, na shofere wetu alilala humo pia usiku mbili. Siku aliyopiga simu kusema tangi limejaa, vijana walishangilia kama timu yao imefunga bao.

Kati ya wale 24 alikuwemo kijana wa miaka kumi na minane ambaye sitataja jina lake. Ameniruhusu kuandika habari hii, na ameisoma kabla yenu. Yeye anaishi na koko wake, mama mzaa baba. Miezi mitatu kabla ya safari alikuwa ameniambia siri, kwamba kabla ya mwaka kwisha atarudi Kongo, peke yake. Nikamuuliza atarudi kufanya nini, wakati mwanzoni mwa mwaka huo huo, Bukavu ilipoanguka, watu zaidi ya elfu sitini walivuka kuja Burundi, na wengine waliogelea mto Rusizi na watoto mgongoni. Yeye anarudi wakati wenzake wanakimbia? Akanijibu, "Yaya, hapa mimi nahesabiwa tu. Wananihesabu kwenye mgao, wananihesabu kwenye sensa, dosie yangu ina namba. Nataka mahali ambapo hakuna mtu ananihesabu."

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, nafikiri mmeshayasikia maneno ya namna hii. Kijana akisema hivyo, hata ukimpa semina juu ya hatari za barabara, hatari anazijua kuliko wewe. Nilimwomba kitu kimoja tu, asiondoke bila kuniaga. Alikubali, lakini alikubali haraka, na mtu anayekubali haraka huwa ananitia wasiwasi.

Tuliondoka Gasorwe kabla ya jua, tukashika barabara ya Karuzi kwenda Gitega. Saa ya kwanza vijana waliimba. Saa ya pili walinyamaza na kuangalia nje. Niliona vichwa vyote vimegeukia dirishani, na nikakumbuka kwamba wengi wao wamezaliwa kambini. Kwao dunia ina barabara moja ya vumbi, soko, shule, kanisa, kituo cha afya na bomba. Sasa milima ilikuwa inakuja mmoja nyuma ya mwingine, migomba, kahawa, watu wanaoendesha baiskeli zenye mikungu ya ndizi mitano au sita, wameshikilia nyuma ya kamiyo wapandishwe mlima bila kukanyaga.

Tulipovuka mto Ruvubu, msichana mmoja aliuliza mto huu unakwenda wapi. Swali dogo, lakini lilitushika mpaka Gitega. Ruvubu ni mto wetu sisi wa Muyinga, hata kama hatuujui, maana maji ya vilima vya kwetu yanashuka humo. Unazunguka, unapita katika hifadhi inayoitwa kwa jina lake, unaungana na mwenzake na kuwa Kagera. Palepale karibu na maungano hayo kuna maporomoko ya Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania. Leo Burundi, Rwanda na Tanzania zina kituo cha umeme hapo cha megawati 80, wanagawana. Lakini wakubwa wanaikumbuka Rusumo kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa siku moja tu, watu kama robo milioni walivuka daraja lile wakikimbia Rwanda. Kutoka Rusumo maji yanakwenda Ziwa Nyanza, kisha Nile, kisha Misri.

Kijana wetu alikuwa amekaa nyuma ya shofere na kaye yake kwenye magoti. Alikuwa anachora. Sikumwuliza kitu.

Gitega tulilala katika ukumbi tulioazimwa, wasichana upande huu, wavulana upande ule, mikeka chini. Gitega ni mji mkuu wa siasa wa Burundi tangu 2019, Bujumbura ikabaki ya biashara. Vijana walitegemea magorofa. Walipoona mji umetulia, una miti na upepo wa baridi, mmoja akasema, "Kumbe mji mkuu unaweza kuwa na usingizi." Jioni tulipita Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Ni nyumba ndogo. Ndani kuna vikapu, mikuki, vyungu, vitu vya wafalme, na picha za zamani. Wasichana wetu wawili wanaosuka vikapu kambini walikaa mbele ya vikapu vya zamani muda mrefu kuliko wote. Walikuwa wanabishana mshono ulianzia wapi. Huo ulikuwa ubishi wa mafundi wawili, na wala hawakujua kama nawasikiliza.

Kesho yake alfajiri tukashika barabara ya Rutana. Tulikula mandazi na chai ya rangi ndani ya bisi. Kadiri unavyokwenda, nchi inafunguka, vilima vinaachana, joto linaongezeka.

Kwenye lango la Karera palikuwa na jambo ambalo nililiogopa tangu Muyinga, lakini sikulisema. Kuna bei ya mwenyeji na kuna bei ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa. Sisi ni nani? Pesa yetu ilikuwa imepigiwa hesabu ya mwenyeji. Kwa karatasi, sisi ni Wakongomani. Mzee wa tiketi alisoma karatasi zetu polepole, moja moja, akavua miwani, akamwuliza yule msichana aliyesimama karibu naye kwa Kirundi, ninyi mnakaa wapi. Msichana akajibu kama anavyojibu kila siku: "Tuba i Muyinga."

Mzee akamtazama. Kirundi chake hakikuwa na doa, kwa sababu amezaliwa hapa. Akasema, "Basi ni watu wa Muyinga," akaandika, tukalipa kama watu wa Muyinga. Alituambia "Murakaza neza" na kutufungulia. Sijui kama sheria inasema hivyo. Najua tu kwamba vijana 24 walipita langoni wameinua vichwa, na yule msichana alilirudia jibu lake mara kumi siku ile, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Sasa niwaambie kuhusu maji.

Kwanza unayasikia. Unashuka njia ndogo kati ya miti, unadhani ni upepo, halafu unadhani ni kamiyo inapanda mlima, halafu unaelewa. Pili yanakupiga baridi usoni kabla hujayaona, vumbi la maji, na ngozi inasisimka wakati juu yako ni jua la kiangazi. Halafu miti inaachana na unayaona. Meupe kabisa. Yanatoka juu kabisa kwenye ukingo wa mwamba, yanaanguka, yanapumzika kwenye kidimbwi katikati, kisha yanaanguka tena. Pembeni tawi jingine linashuka peke yake kama halitaki kuchanganyika na wenzake. Yote yanakutana chini kwenye kijani.

Ilikuwa Agosti, kiangazi, na tuliambiwa kwamba wakati wa mvua yanakuwa makubwa zaidi. Kwetu yalitosha. Vijana walisimama kimya. Mimi nimezoea kuwanyamazisha kwa kupiga makofi, siku ile sikupiga hata moja. Wa kwanza kusema alikuwa msichana anayeuza mandazi na mama yake sokoni. Alisema kwa sauti kubwa ili asikike:

"Yaya! Maji yote haya, na hakuna hata bido moja!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ukiishi kambini unaelewa kicheko kile. Tangu wazaliwe, maji kwao ni kitu chenye saa. Yanakuja saa fulani, yanakatika saa fulani, yanapimwa kwa lita, yana mstari, yana ugomvi, yana mtu anayeshika funguo. Kusimama mbele ya maji ambayo hayana mstari, ambayo hayamngoji mtu na hayakwishi hata ukitazama saa nzima, ni kitu kinachogusa mahali fulani ndani. Mvulana mmoja mdogo aliniuliza usiku yanafungwa saa ngapi. Nikamwambia hayafungwi. Akaniangalia kama namdanganya.

Mlinzi wa hifadhi aliyetuongoza alieleza vizuri. Huku juu ni nyanda za mwamba mgumu, kule chini ni Kumoso. Mto ukifika mwisho wa mwamba hauna hiari, unaruka. Akasema tusiguse miti, kwa sababu miti ya pembeni ndiyo inayoshika unyevu na udongo, na ikikatwa, maji yatapungua na ukingo utabomoka. Kisha kijana wetu wa kaye akauliza swali lile la kwenye bisi: haya yanakwenda wapi? Kwenye Nile pia?

"Hapana," mlinzi akasema. "Haya hayaendi Nile. Haya ni ya Malagarazi."

Niliona kalamu inasimama.

Tuliambiana tukutane juu saa sita kamili. Saa sita nikahesabu, 26. Nikahesabu tena, 26. Mwenzangu akahesabu, 26. Sikuhitaji kuuliza anayekosekana. Niliangalia barabara, niliangalia shofere, niliangalia mfuko wenye karatasi 27. Niliwaza mpaka wa Tanzania kwamba hauko mbali na huko. Niliwaza koko wake. Na niwaambie ukweli, niliwaza pia vijana wa mwaka ujao, na wa mwaka mwingine, ambao wangefungiwa mlango kwa sababu ya mmoja. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mtu mmoja akikosekana, wote tunakuwa washukiwa. Vijana wenyewe walijua. Hakuna aliyezungumza. Wawili walishuka kumtafuta, nikawazuia wengine, na yule mlinzi akafuata.

Dakika ishirini. Halafu akatokea kwenye njia, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini, na chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa. Kila mtu alianza kumpigia kelele pamoja. Alingoja wamalize, akaniambia:

"Yaya, nilikuwa nataka kuona yanaingilia wapi."

Nilimchukua chupa, nikamrudishia, nikasema apande bisi. Maneno mengine yaligoma kutoka.

Mchana tulikwenda Nyakazu. Ni mlima uliopasuka, ufa mrefu na mwembamba kati ya kuta za mawe, na ukifika kwenye ukingo nchi yote ya Kumoso imelala chini yako, mpaka upande wa Tanzania unauona ukiwa wa bluu. Huko Kumoso ndiko kunakolimwa miwa ya kiwanda cha sukari cha SOSUMO. Jina la Ufa wa Wajerumani linakumbusha kwamba Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, mpaka Wabelgiji walipoingia kwa vita mwaka 1916. Kila aliyetawala alitaka kukaa juu aone anayekuja. Na upande huo huo wa Rutana ndiko iliko kambi mpya ya Musenyi, ambako walipelekwa wengi wa wale waliovuka mwanzoni mwa 2025. Tulisimama pale, sisi wa zamani, tukijua kwamba wenzetu wapya wako mahali fulani kwenye joto lile.

Kijana akaja kukaa karibu nami na kaye yake. Alikuwa amechora mito kwa kalamu ya bluu. Malagarazi inatoka Burundi, inashika mpaka, inaingia Tanzania, inazunguka mbali sana mashariki, inarudi magharibi kupitia Uvinza, inamwaga katika Tanganyika kusini ya Kigoma. Hapo alikuwa ameacha, hakujua kinachofuata. Nilisoma jiografia ya Kongo kwa mtihani wa Serikali, kwa hiyo hapo nilikuwa na la kusema. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, Rusizi kutoka kaskazini, Malagarazi kutoka mashariki, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo.

Alichora Lukuga polepole. Kisha akasema:

"Kwa hiyo haya maji yanafika Kongo."

"Yanafika."

"Bila karatasi."

"Bila karatasi," nikasema. "Lakini angalia ulivyochora. Hayakukata moja kwa moja. Yamezunguka."

Akacheka. "Yaya, umeshaanza semina."

Nilicheka pia, nikaacha. Lakini aliendelea kuangalia ile karatasi, na safari hii ni yeye aliyesema bila kuulizwa kwamba akirudi nyumbani ataanzisha nini, atakula nini, atalala kwa nani. Nilikuwa nimemwuliza maswali hayo mara tatu kambini, naye alikuwa ananijibu kwa mabega. Pale mlimani alijibu mwenyewe, na majibu mengine hayakumfurahisha. Akasema, "Labda kwanza nimalize darasa la sita." Sikusema kitu. Nilijifanya naangalia Tanzania.

Tulirudi 27. Karatasi zikahesabiwa, watu wakahesabiwa, sawasawa.

Jioni ile alimpelekea koko wake ile chupa. Nilimsindikiza kwa sababu ya giza. Koko amelala zaidi kuliko anavyokaa siku hizi, miguu inamsumbua. Akamweleza: koko, haya ni maji ya Karera, yanakwenda Malagarazi. Koko akajiinua.

"Malagarazi ya Uvinza? Ya kwenye chumvi?"

Kumbe koko alikimbia mara ya kwanza mwaka 1996, akavuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kigoma, akakaa Lugufu miaka mingi, mpaka walipoanza kurudishwa nyumbani, na kambi ile ikafungwa mwaka 2009. Chumvi ya Uvinza ameila. Mto ule anaujua. Mjukuu wake hakuwahi kusikia habari hizo hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyemwuliza koko, na koko hakuona sababu ya kumsimulia mtoto kambi nyingine akiwa ndani ya kambi. Walikaa wakizungumza. Mimi niliondoka, lakini asubuhi kijana aliniambia koko alizungumza mpaka usiku wa manane: jinsi walivyorudi Fizi na mabati waliyopewa, jinsi mabati yalivyochukuliwa, jinsi walivyokimbia tena. Aliniambia, "Yaya, koko amerudi nyumbani kabla yangu. Anajua bei yake."

Sasa nimjibu yule mama.

Mama, nimekusikia. Maji ya Karera hayakuongeza hata kilo moja kwenye mgao wako, na sitasema kwamba uzuri unashibisha. Haushibishi. Lakini vijana wetu wamefundishwa kuhesabu: kilo, lita, siku, namba ya blok. Hawajafundishwa kupima umbali. Mtu asiyejua umbali anadhani kuna mahali pawili tu duniani, hapa na kule, na kwamba kati yake ni usiku mmoja wa kutembea. Kijana anayefikiri hivyo ndiye anayepotea barabarani. Siku mbili za kuona mto unatoka wapi na unafika wapi zimefanya kazi ambayo semina zangu za mwaka mzima hazikuifanya. Na zaidi ya hapo, walicheka. Walisimama mahali ambapo watu wengine wa dunia wanalipa kusimama, wakawa watu waliokuja kutembea. Hilo nalo ni hitaji, hata kama halina kadi yake.

Kwa ninyi mnaopanga bajeti na kusoma kijarida hiki, ombi langu ni dogo. Mkiandika shughuli za vijana, msiandike mafunzo peke yake. Wekeni na bisi. Si lazima iwe Karera. Gishora iko kilomita chache tu kutoka Gitega, ngoma zake zimetambuliwa na UNESCO tangu 2014, na Ruvubu iko hapa hapa kwetu. Na karatasi ya kutoka iwe na nafasi ya neno "kutembea", kama ilivyo na nafasi ya neno "msiba".

Ile michoro ya kaye tumeihamishia ukutani katika ukumbi wa vijana, kwa rangi. Mito miwili mikubwa: mmoja unakwenda Misri, mmoja unakwenda Kongo, na Burundi iko katikati kama paa la nyumba, mvua ikianguka upande huu inashuka huku, upande ule inashuka kule. Wiki iliyopita yule mama alipita kuangalia. Alitafuta Baraka kwa kidole, akaipata. Kisha akaniuliza maji ya bomba letu yenyewe ni ya upande gani. Nikamwonyesha: Ruvubu, Kagera, Nyanza, Nile, mpaka Misri.

"Mpaka Misri," akasema. "Na mimi hapa nakosa bido moja."

Hilo bado sijapata jibu lake. Kijana wetu ndiye aliyekuwa anapaka rangi siku ile. Yupo bado, anamalizia Lukuga, na mwezi wa tisa alijiandikisha darasa la sita.